Programu isiyomsubiri karani: maswali na majibu kuhusu kisakinishi na huduma ya nyuma ya pazia

Programu ya kupokea kahawa inafanya kazi vizuri karani akiibofya asubuhi. Kwa nini kisakinishi kihangaike kuifanya huduma?

Kwa sababu programu inayosubiri kubofywa inamsubiri mtu, na mtu huyo hayupo kila saa. Tuchukue mfano wa ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, katika kata ya wakulima wa kahawa kama Iyula, wilayani Mbozi. Kompyuta moja imebeba kanzidata ya wakulima na kilo zao. Karani wa mizani anaingiza uzito kwa kompyuta nyingine. Umeme unakatika na kurudi, jambo ambalo aliyepitia mgao wa umeme wa 2023 Tanzania hahitaji kuelezwa. Kompyuta inawashwa tena, inafika kwenye skrini ya nywila, inasimama hapo. Programu iliyowekwa kwenye orodha ya zile zinazofunguka mtumiaji anapoingia haitaanza mpaka mwenye nywila afike, na foleni ya wakulima mizanini inamngoja yeye. Huduma haina sharti hilo: msimamizi wa huduma, aliyemo katika Windows tangu toleo la NT la 1993, huiwasha kabla mtu yeyote hajaingia. Tofauti hii inaonekana wazi kwenye kifurushi cha XAMPP, ambayo watengenezaji wengi wa mifumo ya wavuti huitumia. Seva zake, Apache ya wavuti na ile ya kanzidata ambayo paneli huiita MySQL, huwashwa kwa mkono kwenye paneli, isipokuwa zimesajiliwa kuwa huduma. Ninachosisitiza ni kwamba uamuzi wa kuisajili programu usiachwe mikononi mwa ofisi; uandikwe ndani ya kisakinishi.

Lakini fundi si anaweza kuisajili kwa amri moja baada ya kusakinisha?

Anaweza, na siku hiyo itafanya kazi. Taabu inaanza kompyuta ikifa katikati ya msimu, fundi yuko mjini Vwawa au Tunduma, na ile amri ilibaki kichwani mwake. Kisakinishi kinaweza kuyabeba maarifa hayo yote. Kwa WiX, zana ambayo Microsoft iliitoa kwa msimbo huria mwaka 2004, sehemu iitwayo ServiceInstall hutaja jina la huduma, akaunti yake na kwamba ianze yenyewe. ServiceControl huamuru iwashwe baada ya kusakinishwa, isimamishwe kabla ya faili kubadilishwa na ifutwe programu inapoondolewa. Faili kuu ya programu ndiyo iwe faili ya msingi ya kijenzi kinachobeba maelezo hayo, la sivyo huduma itasajiliwa kwa faili nyingine. Tena usakinishaji ukikwama katikati, Windows hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Amri ya mkono haina kinga hiyo.

Programu inayojiwasha yenyewe si hatari? Tuliona ya CrowdStrike.

Pingamizi hili lina uzito. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, nyingi zikishindwa kabisa kuwaka. Hata hivyo, kilichoanguka kilikuwa kinafanya kazi ndani ya kiini cha mfumo. Huduma ya kawaida ikianguka, kompyuta inabaki hai. Ninalochukua kutoka siku ile ni kwamba madhara hufuata ukubwa wa mamlaka, na hapo ndipo visakinishi vingi hukosea: huiweka huduma chini ya LocalSystem, akaunti yenye nguvu karibu zote za mashine, kwa sababu chini yake huduma haigomi. Ni sawa na kumkabidhi mlinzi wa geti funguo za kasiki. Kupokea uzito na kuuandika kunatoshelezwa na LocalService, ambayo haki zake ni chache, mradi kisakinishi kiipe ruhusa ya kuandika kwenye folda moja tu, ile ya data, ndani ya ProgramData. Kazi hiyo ni ya ziada, nakubali. Lakini kanzidata hii ina majina, simu na malipo ya wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezishika azilinde.

Kwa nini huduma hugoma wakati programu ileile inafunguka vizuri kwa kubofya?

Kwa sababu inaishi katika mazingira mengine. Folda yake ya kuanzia ni System32, kwa hiyo njia ya faili isiyo kamili iliyozoeleka kwenye mashine ya mtengenezaji inapotea. Diski ya mtandao ambayo karani anaiona kama herufi Z, huduma haiioni. Tangu Windows Vista huduma zimetengwa na skrini ya mtumiaji, hivyo programu ikitoa kisanduku cha ujumbe na kusubiri mtu abofye Sawa, itasubiri milele. Kubwa zaidi ni muda. Msimamizi hungoja sekunde 30 programu ijitambulishe; ikichelewa hutoa kosa 1053, na kisakinishi huonyesha 1920 kikidai huenda huna haki za kutosha. Wengi hulisoma dai hilo, wakakimbilia LocalSystem, wakati tatizo halikuwa haki bali diski kuukuu ya polepole. Kutaja kwamba huduma inaitegemea MySQL, ikiwa ndiyo inayoendesha kanzidata, kunasaidia nusu tu, maana msimamizi anajua MySQL imewaka, hajui kama iko tayari kupokea maswali. Programu ijitambulishe kwanza, kisha ijaribu kuunganishwa mara kwa mara mpaka ifanikiwe. Kisakinishi nacho kiagize huduma iwashwe upya ikianguka, kwa kuwa bila agizo hilo Windows haifanyi lolote.

Programu ikiondolewa, kilo za wakulima zinakwenda wapi?

Zisiguswe. Kisakinishi kisimamishe huduma, kifute usajili wake na faili zake, kiiache folda ya data na kanzidata palepale. Wapo wanaodai kuondoa ni kuondoa kila kitu. Kwa programu ya michezo nakubaliana nao. Hapa toleo jipya mara nyingi huanza kwa kuliondoa la zamani, na kisakinishi kinachofuta data kitafuta msimu mzima kwa jina la sasisho. Mtengenezaji ajaribu hivi kabla ya kupeleka programu popote: aweke toleo la kwanza, aingize uzito wa majaribio, achomoe umeme, awashe bila kuingiza nywila, asome uzito ule kutoka kompyuta ya pili, kisha aweke toleo la pili na kuusoma tena.