Kuku wa Mayai na Joto la Kaskazi

Katika mwambao, kuanzia Desemba hadi Machi, pepo za kaskazi huvuma na jua huwa kali. Dar es Salaam joto la mchana hufika nyuzi 32, na ndani ya banda la bati lililozibwa huzidi hapo. Ndipo mfugaji aonapo mayai yakipungua na maganda kuwa membamba, akadhani kuku wameingiwa na ugonjwa. Pengine ni kweli. Lakini kuku mwenye joto hutweta mchana na kutulia usiku. Anayekoroma hata alfajiri, mwite Bwana Mifugo.

Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, naye hujipoza kwa kutweta na kutanua mabawa. Atwetapo kupita kiasi, damu yake hugeuka, na chokaa ya kujengea ganda la yai hupungua. Tena hula kidogo. Joto likipita nyuzi 35 na banda halina upepo, kuku wazito huanza kufa.

Basi tazama banda kwanza. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili jua lisiingie ubavuni. Kuta za ubavuni zisizidi nusu mita. Juu yake uwekwe wavu wa waya mpaka kwenye paa. Upana usipite mita 8, maana upepo haufiki katikati ya banda pana. Makuti ni bora kuliko bati. Kama umekwisha kuezeka bati, usilibomoe: tandaza makuti juu yake au lipake chokaa nyeupe.

Wafugaji wengi hukosea jioni. Kwa kuogopa wezi na vicheche, huziba kila upenyo kwa mbao na magunia. Hofu hiyo si ya bure, lakini kuku walioshinda katika joto hawana budi kupata hewa ya usiku wapoe. Tumia wavu wa matundu madogo uliopigiliwa imara, na mlango wenye kufuli. Wavu mzuri ni ghali, lakini si ghali kama kuku waliokufa.

Siku ya baridi kuku 100 hunywa maji debe 1 hivi. Siku ya joto hunywa madebe 2 au zaidi. Weka maji kivulini katika vyungu vya udongo, uyabadilishe saa sita na saa tisa. Chakula wape alfajiri na jioni, maana kula huongeza joto mwilini. Jioni ongeza maganda ya chaza yaliyopondwa, kwa kuwa ganda la yai hujengwa zaidi usiku.

Je, yafaa kunyunyiza maji bandani? Dodoma, ambako hewa ni kavu, gunia bichi lililoning'inizwa upande wa upepo hupoza vizuri. Pwani hewa imekwisha kujaa mvuke; ukimwaga maji ndani, kutweta hakumfai kuku tena, na matandiko huoza. Afadhali unyunyize paa. Matandiko yasizidi kina cha sentimita 5, wala mita 1 ya mraba isichukue zaidi ya kuku 5.

Ukimkuta kuku amelala, mdomo wazi, shingo imelegea, mtumbukize katika ndoo ya maji hadi shingoni, kichwa kikiwa juu, kisha mweke kivulini penye upepo. Usimnyweshe kwa nguvu. Maji yataingia mapafuni.