Soseji za Nyumbani: Baridi, Usafi na Moto
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kwa nini soseji si sawa na pande la nyama

Ndani ya msuli wa mnyama mwenye afya, vimelea huwa wachache sana. Wengi hukaa juu ya nyama, walikoletwa na kisu, kinyesi wakati wa kuchuna, mikono ya watu na nzi. Ukikaanga pande zima, moto huanza na huko juu. Ukilisaga, waliokuwa juu wanachanganyika na nyama ya ndani, na kipande kimoja kichafu huchafua beseni zima.

Ndiyo maana soseji inaweza kuiva vizuri kwa nje huku katikati mna bakteria hai, kama salmonela au zile aina za E. koli zinazoleta kuhara damu. Kila agizo la kijitabu hiki linatokana na jambo hilo. Nyama ikae baridi mpaka ifike jikoni, mikono na vyombo viwe safi, na moto ufike katikati.

Kununua nyama

Nunua kwenye bucha linalouza nyama iliyokaguliwa, na uangalie muhuri wa mkaguzi. Usikubali nyama ya magendo inayopitishwa nyumba kwa nyumba kwa bei ya kutupa. Kibudu hakiliwi hata kikichemshwa kutwa: kama mnyama alikufa kwa kimeta, anayemchuna na anayemkatakata wanaweza kuambukizwa kabla sufuria haijabandikwa.

Kwa nyama ya nguruwe, tazama kama kuna vifuko vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya mchele au njegere. Hivyo ni vifuko vya tegu. Ugonjwa wa vifuko hivi umeonekana sana kwenye maeneo ambako nguruwe huachwa wazurure, kama Mbulu na Mbozi nchini Tanzania. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha mtu huyo, na mtu akiyameza kwa mikono michafu, maji au mboga, yanaweza kujenga vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ukiona vifuko hivyo, usinunue, na umjulishe afisa mifugo.

Omba nyama isagwe mbele yako kwenye mashine iliyooshwa. Ukiwa sokoni, nyama iwe kitu cha mwisho kununua. Isikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na siku za joto kali isizidi saa 1.

Mahitaji ya takriban kilo moja

- Nyama ya ng'ombe, mbuzi au kuku isiyo na mafuta: gramu 800
- Mafuta ya nyama hiyo hiyo: gramu 200
- Chumvi: vijiko 2 vya chai, vilivyosawazishwa
- Pilipili manga: kijiko 1 cha chai
- Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa: kijiko 1 cha chakula
- Maji ya baridi sana: mililita 100
- Utumbo mwembamba wa kondoo au mbuzi, ulioandaliwa

Kwa vipimo hivi, gramu 100 za soseji zina chumvi gramu moja na ushee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, hivyo usiongeze chumvi mezani.

Usitumie chumvi za viwandani za kuhifadhia nyama zenye nitriti. Kiasi chake hupimwa kwa mizani ya gramu ndogo, na kikizidi huzuia damu kubeba oksijeni. Wala usitundike soseji mbichi jikoni zikauke au zipate moshi. Ndani ya utumbo uliofungwa hewa ni haba, na bakteria wa botulini wanaweza kutoa sumu inayopooza misuli.

Hatua za kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mwenye kidonda mkononi, au aliyeharisha siku hizi mbili, asishike nyama.
2. Geuza utumbo nje ndani, ukwangue kwa mgongo wa kisu, uoshe kwa maji mengi na chumvi, kisha uloweke. Chumvi na limau huondoa utelezi na harufu, haviui vimelea vyote.
3. Changanya nyama na viungo haraka, ukiwa umeweka beseni juu ya barafu ukiweza. Ukitaka kujua ladha, kaanga kipande kidogo kiive ndipo uonje. Usilambe nyama mbichi.
4. Jaza utumbo kwa faneli safi bila kuukaza sana, kisha usokote kila baada ya sentimita 10 hivi. Huna utumbo? Viringisha nyama kwa mikono iliyolowa maji, iwe nene kama kidole gumba.
5. Tumbukiza soseji kwenye maji yaliyochemka, punguza moto yatokote polepole, na uziache dakika 20. Kisha zikaange au uzichome zipate rangi. Wauzaji wa soseji za mutura nchini Kenya nao huchemsha kwanza ndipo huchoma. Fuata mpangilio huo.
6. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, kichome katikati: nyuzi joto 71 kwa nyama nyekundu, 74 kwa kuku. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa nyama ya kusaga huweza kugeuka kahawia kabla haijaiva.
7. Ubao, kisu na beseni vilivyogusa nyama mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Soseji iliyoiva isirudishwe kwenye sahani ya nyama mbichi.

Kuhifadhi

Nyumba isiyo na friji itengeneze kiasi cha kuliwa mlo huo, basi. Penye friji, soseji mbichi zikae siku 1 hadi 2, zilizoiva siku 3 hadi 4. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi.

Friji huchelewesha bakteria, haiwaui. Bakteria wa listeria huongezeka hata humo. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa listeria uliotokana na soseji za poloni, na zaidi ya watu 200 walifariki, watoto wachanga wakiwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Kwa hiyo mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga dhaifu wale soseji iliyopashwa mpaka itoe mvuke, kamwe si ya baridi.

Soseji ibaki chakula cha mara mojamoja. Tangu 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani wameweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vyakula vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana.

Lini uende zahanati

Nenda mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- kinyesi chenye damu, au homa kali pamoja na kuhara
- mtoto anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyekojoa
- kope kulegea, kuona vitu viwili viwili, au shida ya kumeza
- mjamzito mwenye homa

Njiani, mpe mgonjwa anayeweza kumeza maji ya ORS kidogo kidogo. Usimpe dawa ya kufunga tumbo wala antibiotiki za dukani. Mweleze mhudumu alikula nini, lini, na nani wengine walikula. Soseji zilizobaki ziwekwe kando, zisiliwe na mtu wala kupewa mbwa, mpaka afisa afya aelekeze la kufanya.