KUJITOLEA KATIKA MAKAO YA MAYATIMA: YALIYOTOKEA ROMANIA

Tuanze na neno lenyewe. Yatima ni mtoto aliyefiwa na baba au mama, au wote wawili. Neno hili lilitoka Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu hasa ni yule aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Nimeanzia hapa kwa sababu nataka kueleza juu ya nyumba zilizoitwa za mayatima, ilhali wengi wa waliokuwamo hawakuwa mayatima.

Nchi yenyewe ni Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba, ikitaka raia wazae kwa wingi. Watu wakazaa, umaskini ukawashinda, watoto wakaachiwa serikali. Ceaușescu alipopinduliwa Desemba 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa katika makao hayo, na wengi wao wazazi walikuwa hai. Picha zilipoonyeshwa kwenye televisheni, watu wa kujitolea wakamiminika kutoka Uingereza, Marekani na kwingineko, wengine vijana tu kama sisi.

Siku yao ilikuwaje? Labda unafikiri walikuta makelele. La! Kilichowashtua ni kimya. Chumba kina vitanda vidogo vilivyopangwa safu safu, na hakuna anayelia. Mbona? Mtoto mchanga hulia ili mtu aje. Asipokuja mtu siku nenda siku rudi, mtoto huacha kulia. Wengine walikuwa wakijitikisa mbele na nyuma kwa muda mrefu, macho yakitazama ukuta.

Kazi za asubuhi zilikuwa zile zile za yaya yeyote: kubadilisha nepi, kuosha, kulisha. Tofauti ni idadi. Mlezi mmoja aliweza kuwa na watoto kumi na zaidi, kwa hiyo kila kitu kilifuata saa. Wote wanakula pamoja, wote wanakalishwa kwenye poti pamoja, wote wanalazwa pamoja, mwenye usingizi na asiye nao. Chupa ya maziwa iliegemezwa tu, mtoto anyonye mwenyewe. Usidhani walezi wote walikuwa wabaya. Hebu jaribu wewe kubeba watoto kumi na wawili kwa mikono miwili! Basi mgeni alipoingia, msaada wake mkubwa ulikuwa kumbeba mtoto mmoja, kumtazama usoni na kuongea naye, hata kama Kiromania chenyewe hakijui.

Lakini hapa ndipo penye utata. Watoto wengi walimkimbilia mgeni yeyote, wakamshika mkono, wakataka kuondoka naye. Mgeni akafurahi, eti anapendwa! Wataalamu wanasema hiyo ni dalili ya mtoto ambaye hajapata mtu wake mwenyewe. Mgeni huyo akiondoka baada ya majuma machache, anakuja mwingine, anakimbiliwa vivyo hivyo, naye anaondoka.

Kuanzia mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 wa makao ya Bucharest. Nusu yao walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Hao ndio waliokua vizuri zaidi kiakili, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 2004 Romania ilipitisha sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe katika makao, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Hapa kwetu Kenya, Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka jana chama chetu kilitembelea makao fulani. Tulipeleka unga, sabuni na mikate, tukaimba, tukapiga picha, na saa tisa basi likaondoka. Mtoto mmoja alinishika sweta akaniuliza, "Utarudi kesho?" Nikamwambia ndiyo. Sikurudi.

Nimemwomba mwalimu mlezi wa chama tulijadili jambo hili kabla ya ziara ijayo. Je, twende basi zima mara moja kwa mwaka, au wanne watano wale wale kila mwezi, wafue nguo na kusaidia hesabu? Na nauli itakayobaki, tusimpe nyanya anayelea wajukuu hapa karibu na shule? Mkutano utakuwa Alhamisi ya kwanza ya muhula ujao, baada ya michezo.