SOMO: Je, gesi inaweza kubeba mahindi yetu mpaka Kolwezi?



Kwenye mkutano mmoja wa mwisho wa mavuno hapa Sandoa, swali moja lilitumaliza alasiri nzima. Papa mmoja wa kamati alisimama, telefone mkononi. Kijana wake anayefanya kazi Kolwezi alikuwa amemtumia video ya Dar es Salaam: bajaji na taksi zinatia gesi badala ya esanse, na madereva wanacheka kwa sababu pesa inabaki mfukoni. Papa akatuuliza: "Agronome, Congo yetu iko na gesi mingi. Juu ya nini siye tunaendelea kulipa mazutu bei kali hivi? Tutoshe feza ya koperative, tubadilishe kamyo iende na gesi."

Watu wakapiga makofi. Lakini mama mweka hazina akajibu: "Ile feza ni ya mbegu. Kama gesi haifike, tutapanda nini mvua ikianza?"

Sisi tulisema haraka: "Haiwezekani." Hatukueleza sababu, na hapo tulikosea. Mtu akiuliza swali la maana hastahili kufungwa mdomo kwa neno moja. Somo hili ndilo jibu tulilopaswa kutoa siku ile. Lisomeni pamoja, mlijadili, kisha mwamue wenyewe.

1. Gesi ziko za aina gani?

Tukisema "gesi" tunachanganya vitu vitatu.

Ya kwanza ni gesi asilia. Inatoka chini ya ardhi, na sehemu yake kubwa ni methane. Ili gari liibebe, inagandamizwa kwa nguvu nyingi sana, karibu bari 200, ndani ya mtungi mzito wa chuma kinene.

Ya pili ni gesi ya kupikia ya chupa, ile inayouzwa mjini. Hiyo ni butane na propane. Inageuka maji kwa nguvu ndogo tu, kwa hiyo chupa yake ni nyepesi.

Ya tatu ni gesi ya samadi. Mavi ya ng'ombe au ya nguruwe yakioza ndani ya shimo lisiloingiza hewa, yanatoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methane, ile ile ya gesi asilia.

Angalisho: chupa ya jikoni haikutengenezwa kwa bari 200. Mtu akikuambia anaweza kukujazia gesi ya gari ndani yake, ondoka hapo. Itapasuka, na inaweza kuua.

2. Tanzania wamefanya nini?

Video ya papa haisemi uongo. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho upande wa kusini wa Dar es Salaam, iligunduliwa mwaka 1974. Ile ya Mnazi Bay, karibu na Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Lakini gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lilianza kazi mwaka 2015. Hesabuni: toka kugundua mpaka gesi kufika Dar es Salaam kwa bomba ilipita miaka 30 na zaidi.

Leo faida yake inaonekana. Mwaka 2023 na 2024 kilo moja ya gesi ya gari ilikuwa karibu shilingi 1,550 za Tanzania, na lita ya petroli ilikuwa inazunguka shilingi 3,000. Tena kilo moja ya gesi ina nguvu karibu sawa na lita moja na nusu ya esanse. Kwa dereva wa taksi anayezunguka mji mmoja kutwa nzima, hiyo ni faida ya kweli. Moshi wake pia ni mdogo.

Hata hivyo, madereva hao hao wanalalamika juu ya foleni. Vituo vya kujaza bado ni vichache kuliko magari, na wengine wanapoteza saa nyingi wakingoja. Na hao wako Dar es Salaam, mji ambao bomba limefika.

3. Gesi ya Congo iko wapi?

Papa alisema Congo ina gesi. Ni kweli. Ziwa Kivu lina methane iliyoyeyuka ndani ya maji, karibu meta kibu bilioni 60, ambayo tunagawana na Rwanda. Wenzetu wa Rwanda walianza kuitumia zamani: tangu mwaka 1963 gesi kidogo ya ziwa ilipelekwa kwenye kiwanda cha pombe cha Gisenyi. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt ulizinduliwa ili kutoa umeme, megawati 26. Upande wetu, mwaka 2022 serikali ilitangaza zabuni ya vitalu 3 vya gesi ndani ya ziwa: Makelele, Idjwi na Lwandjofu.

Iko gesi pia huko Muanda, kwenye bahari, pamoja na petroli, na kwa miaka mingi nyingi yake imechomwa hewani. Jirani yetu Angola anayo. Tangu mwaka 2013 gesi yake inapakiwa kwenye meli huko Soyo na kuuzwa ng'ambo.

Sasa chukueni ramani. Kivu iko mbali nasi. Muanda na Soyo ziko kwenye mdomo wa mto Congo, mwisho mwingine wa nchi. Hakuna bomba linalokuja Lualaba.

Na hata likija, tukumbuke waya ya Inga. Laini ile ya umeme, karibu kilometa 1,700, inafika Kolwezi tangu mwaka 1982. Iliwekwa kwa ajili ya migodi. Vijiji vingi vilivyo chini yake bado vinawasha kandili. Utajiri kupita juu ya kichwa chako ni jambo moja. Kuingia nyumbani mwako ni jambo lingine.

Mazutu nayo inakujaje? Mengi yanashushwa bandarini, na Dar es Salaam ni mojawapo. Kuna bomba la TAZAMA, kilometa 1,710, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola huko Zambia, lililoanza kazi mwaka 1968 na ambalo tangu 2023 linapitisha mazutu. Kutoka kusini huko mafuta yanaingia Katanga kwa magari ya tangi kupitia Kasumbalesa. Kisha Lubumbashi, kisha Kolwezi, kisha kwetu ndani ya mapipa na bido. Kila kituo kinaongeza bei. Ndiyo maana Sandoa lita inauma kuliko mjini.

4. Motere ya kamyo inasema nini?

Gari la esanse lina buji inayotoa cheche. Fundi anaweza kulifungia mtungi na vifaa vya gesi, na likiishiwa gesi linarudi kwenye esanse. Ndiyo magari mengi mnayoona kwenye video.

Kamyo yetu inakunywa mazutu. Haina buji, mazutu yanawaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka imekuwa moto sana. Ukiipa gesi peke yake haitawaka. Kuna njia mbili: kuchanganya gesi na mazutu kidogo, au kubadilisha motere na kuitia buji. Zote mbili ni kazi ya fundi aliyesomea, na ni bei kubwa kuliko ile ya taksi.

Halafu kuna mtungi wenyewe. Nguvu iliyo ndani ya lita moja ya mazutu, ukitaka kuibeba kwa gesi ya bari 200, inahitaji nafasi ya lita 4 hivi. Mitungi inakula nafasi ya mizigo na inaongeza uzito. Na njiani kati ya Sandoa na Kolwezi hakuna mahali pa kujaza.

Kwa hiyo, mtu akija kuwauzia vifaa vya gesi, mulizeni maswali 4 mbele ya kamati yote:
– Nitajaza wapi wakati wa kwenda, na wapi wakati wa kurudi?
– Vifaa hivi ni vya motere ya esanse au ya mazutu?
– Mtungi ulipimwa mwaka gani, na karatasi yake iko wapi?
– Ukiharibika, fundi anakaa wapi?
Akikosa kujibu hata moja, musitoe feza.

5. Na gesi ya samadi?

Wengine walisema: "Basi tutengeneze yetu." Wazo ni zuri, lakini tupime kwanza.

Kilo 25 za mavi mabichi ya ng'ombe zinatoa karibu meta kibu 1 ya gesi. Hiyo ina nguvu ya lita 0.6 ya mazutu. Kamyo ikila lita 35 kwa kilometa 100, itahitaji karibu meta kibu 60, maana yake kilo 1,500 za mavi kwa kilometa 100 tu! Bado hujanunua mashini ya kuisafisha na kuigandamiza. Kwa kamyo, tuache.

Kwa jiko ni hesabu nyingine. Ng'ombe 4 au 5 wanaolala zizini wanaweza kutoa gesi ya kupikia bukari na sombe ya jamaa moja kwa siku, na makala yakapungua. Motere ya mashini ya kusaga pia inaweza kuchanganya gesi hiyo na mazutu, na ikapunguza lita nyingi, mradi gesi ipitishwe kwenye vipande vya chuma chenye kutu ili kuondoa ile harufu ya yai bovu, maana inakula motere. Maji mazito yanayobaki ni mbolea nzuri ya shamba la mahindi.

Hapa tuna ungamo. Zamani kidogo tulishauri koperative moja ijenge shimo la gesi kabla hatujahesabu mifugo yake. Mbuzi walikuwa wanatembea ovyo kutwa, nguruwe walikuwa wachache. Wakati wa kiangazi akina mama walitakiwa kubeba maji ya kuchanganya na mavi, ndoo kwa ndoo, juu ya kazi zote walizo nazo. Miezi michache tu shimo likakauka. Wakati ule hatukuwauliza akina mama. Leo tunaanza nao.

6. Mafuta tunayoweza kuokoa leo

Kuna mafuta tunayoyamwaga kila safari bila kujua. Tunayalipa ili kubeba maji.

Chukueni mifuko 100 ya mahindi, kilo 100 kila mmoja, yenye unyevu wa asilimia 20. Mukiyakausha vizuri mpaka asilimia 13, uzito unashuka kutoka kilo 10,000 mpaka karibu kilo 9,200. Zile kilo 800 zilikuwa maji. Ni mifuko 8 mizima muliyolipia usafiri mpaka Kolwezi, na mnunuzi akayaona mabichi, akakata bei. Tena mahindi mabichi yanashika ukungu wenye sumu njiani.

Mihogo ndiyo zaidi. Kilo 1,000 za mihogo mibichi, ukimenya na kukausha sawasawa, zinabaki karibu kilo 340. Mihogo iliyokauka nusu inabeba maji mpaka sokoni.

Kupima bila mashini: weka chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu, ngoja dakika 10 au 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Rudisha juani, juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo.

Kisha hesabu ya kamyo. Gawanya lita zote za kwenda na kurudi kwa idadi ya mifuko. Kwa mfano: lita 300 na mifuko 80 ni lita 3.75 kwa mfuko. Lita zile zile na mifuko 120, kama kamyo inaruhusu uzito huo, ni lita 2.5. Koperative mbili zikikusanya mizigo siku moja, mazutu yanapungua bila kugusa motere. Na kamyo isirudi tupu: mbolea, chumvi, sabuni na mabati vinangoja huko Kolwezi. Mwambieni dereva aangalie upepo wa matairi na asafishe chujio la hewa. Vumbi la barabara yetu linakula mazutu.

7. Mkutano uliamua nini?

Washirika walipiga kura feza ya mbegu ibaki kwa mbegu. Swali la gesi liliandikwa kwenye daftari, lisifutwe. Papa aliyeuliza hakukosea. Siku kituo cha kujaza kitakapofunguliwa kwenye barabara yetu, hesabu itabadilika, na yeye ndiye atatukumbusha.

Kazi ya kikundi kwa mkutano ujao:
– Safari ya mwisho ya Kolwezi ilikula lita ngapi kwa mfuko? Nani anayaandika?
– Pimeni mifuko 5 kwa chupa ya chumvi. Mingapi ilikuwa mibichi?
– Koperative gani ya jirani tunaweza kupakia nayo pamoja?
– Ni jamaa ngapi zina mifugo inayolala zizini, na maji yako umbali gani? Akina mama wajibu kwanza.

Leteni majibu yenu kwa agronome wa kwenu. Tutayapitia pamoja kabla ya kupanda. Kazi njema shambani.