Kabla ya kumwapiza mwanao



Jioni moja baada ya swala ya Magharibi, mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinisubiri mlangoni mwa msikiti. "Ustadh, mwanangu kanishinda. Niitie masheikh tumsomee Halbadiri."

Kijana huyo ana miaka 16. Alikuwa mwanafunzi wangu wa madrasa. Ameacha kusoma, anashinda na wavuvi kule Deep Sea, harudi kulala nyumbani, na mama yake akimuuliza humjibu jeuri. Nakiri kuwa nami nilichangia. Siku ya mwisho alipofika darasani nilimkaripia mbele ya wenzake, wadogo wakamcheka. Hakurudi tena.

Ndugu wazazi, katika Hadithi aliyoipokea Jabir, iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwaapiza watoto wetu, isije ikasadifu saa ambayo Allah (s.w.) hujibu maombi. Basi mzazi anayetamka "sina radhi nawe" kwa hasira za usiku mmoja, je, akijibiwa atafurahi?

Imam Ahmad naye amepokea kutoka kwa Abu Umama kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kuzini. Watu walimkemea. Mtume akamwita karibu, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake. Kila mara kijana alijibu hapana. Kisha Mtume akamwekea mkono, akamwombea msamaha na usafi wa moyo. Tuzingatie: hakuihalalisha zinaa, wala hakumfukuza kijana.

Nilimuuliza mzee: "Mara ya mwisho kula naye sahani moja ilikuwa lini?" Akanyamaza. Hakukumbuka.

Halbadiri hatukusoma. Alfajiri tulikwenda wote wawili Deep Sea. Mimi nilimwomba kijana radhi kwa kumfedhehesha. Baba yake alisema maneno machache tu: "Mwanangu, mama yako kakuwekea chakula."

Sitawadanganya kuwa amekuwa walii. Madrasa bado hajarudi, na majibu yake bado makali. Lakini sasa analala kwao, na usiku anakula na baba yake. Mtoto aliyeko nyumbani bado anafundishika. Tuliyemfukuza kwa laana, nani atamfundisha?

Tuwaombee watoto wetu, tusiwaombee mabaya.

Wabillahi tawfiq.