SOMO LA ROBO HII: KUCHAGUA MITI YA KUPEKECHA MOTO



Tunapendekeza somo hili kwa vikundi vya vijana vinavyotunza miti, Kashai na kwingineko. Anayetaka kupekecha moto hulazimika kwanza kuujua mti. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanao ujuzi huu. Kwa Wamaasai, wazee wanaowasha moto huo kwa ajili ya rika jipya ndio huwa walezi wake. Kwetu ujuzi huu unaondoka na wazee.

Wengi hudhani nguvu za mikono ndizo zinazoleta moto. Lakini moto huanzia kwenye unga wa mti unaosagika na kupata joto. Mti mgumu hung'aa tu bila kutoa unga.

1. Ubao wa chini. Uwe mwepesi na laini, ukucha uweze kuacha alama. Mkuyu mkavu unafaa kujaribiwa. Msindano wenye ulimbo huteleza.

2. Kijiti. Kiwe kinyoofu, unene wa kidole kidogo, urefu wa sentimita 50 hadi 60. Chenye kiini laini ni bora.

3. Ukavu. Hapa ndipo penye kazi, maana Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Kuni zilizolala chini hunyonya maji. Chukueni tawi lililokaukia mtini, mlimenye gome, mliweke juu ya jiko wiki kadhaa. Likivunjika kwa mlio, limekauka, likipinda, bado.

4. Pengo. Kateni pengo dogo ubavuni mwa tundu la ubao, unga ukusanyike hapo. Ukiendelea kutoa moshi wenyewe, uhamishieni kwenye majani makavu ya mgomba, mpulize taratibu.

Tahadhari: Msitumie mnyaa, utomvu wake hudhuru macho. Fanyieni kazi hii kwenye uwanja uliofagiwa, maji yakiwa karibu. Kati ya Juni na Agosti cheche moja yaweza kuwa moto kichaa na kuteketeza miti ambayo usharika umeitunza miaka kumi. Someni Yakobo 3:5.

Maswali ya kujadili:
- Ni wazee gani usharikani wanaojua miti hii? Nani atawaalika?
- Ni miti ipi ya asili iliyopungua kwetu, na tutaipanda wapi?
- Nani analinda shamba letu la miti wakati wa kiangazi?