SOMO LETU: IJUE SIMU YAKO KABLA HAIJAHARIBIKA



Sisi wa Hai Cinema, hapa Juba, simu ndiyo posta yetu, na kwa wengi ndiyo benki. Ikiharibika, hata habari za nyumbani zinakatika.

Siku moja mwenzetu aliacha simu kwenye chaji chini ya mto usiku kucha. Asubuhi mgongo wake ulikuwa umevimba. Fundi wa barabarani akashika sindano atoboe betri "hewa itoke". Tulimzuia. Betri hizi zikitobolewa huweza kuwaka ghafla. Kisha tukamwuliza mwenzetu: Risiti iko wapi? Hana. Namba ya simu hiyo? Haijui. Tukatazamana, maana hata sisi tuliomwuliza hatukujua za kwetu. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

KWANZA: Namba ya kitambulisho. Bonyeza *#06# kama unayepiga simu. Itatokea namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Iandike katika daftari, uiweke pamoja na risiti. Simu ikiibiwa, hiyo ndiyo alama ya kuitambulisha. Unaponunua, linganisha namba ya ndani ya simu na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, usitoe fedha yako. Kumbukeni kwamba Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo tarehe 16 Juni 2016. Aliyenunua bila kukagua alibaki na kopo.

PILI: Maelezo yamo ndani ya simu. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Hapo utaona jina kamili la aina ya simu, IMEI, na mara nyingi maelezo ya kisheria na usalama. Kama Kiingereza kinatusumbua, tusione haya: simu nyingi za Android zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili katika sehemu ya lugha. Kikaratasi cha ndani ya boksi nacho tusikitupe. Humo mna muda wa dhamana na masharti yake.

TATU: Joto na betri. Apple na Samsung huandika kwamba simu zao zitumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Sasa tujiulize: mchana wa Februari na Machi hapa Juba hupita 35 hata kivulini. Ndani ya chumba cha mabati ni zaidi. Kwa hiyo tusiache simu juani, na tusiichaji ikiwa ya moto wala chini ya mto. Betri ikivimba, izime, usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Mpelekee fundi anayeifahamu kazi hiyo.

Wala tusidhani hatari hii ni ya simu za bei rahisi tu. Mwaka 2016 Samsung iliita zirudishwe simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikishika moto, na Oktoba mwaka huo ikaacha kuzitengeneza. Wenye simu waliambiwa waangalie IMEI ili wajue kama yao ni ya hatari. Asiyejua namba yake angejuaje?

NNE: Kwa fundi. Kabla ya kumkabidhi simu, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Patana bei kwanza. Omba karatasi yenye tarehe, kasoro na bei. Namba ya siri ya fedha usimpe mtu yeyote, awe fundi au ndugu.

Mfanyakazi hakubali kuendesha mashine kiwandani bila kuonyeshwa swichi ya kuizimia. Simu nayo ni mashine, tena tunalala nayo.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI
1. Ni wangapi kati yetu wanaojua IMEI zao? Wasiojua wabonyeze sasa hivi.
2. Kazini kwetu simu huchajiwa wapi? Je, pana kivuli na mtu wa kuangalia?
3. Ni fundi gani wa karibu anayetoa risiti? Tumpe kazi yeye.

Anayejua amfundishe asiyejua. Umoja ni nguvu.